Stima Iliporudi

Iko Jumamosi moja, mwanangu Mutheu, ambayo huikumbuka kila ninaposikia mafuta yakichemka, na sijawahi kuisimulia kwa mtoto yeyote wa mama yako. Mama yako aliniomba ninyamaze, nami nikanyamaza. Sasa tumeshamzika. Tena mwezi haujaisha tangu nije kwako mjini Wote, ukanionyesha hilo jiko jipya la stima unalookea keki, nami nikarudi hapa Kikima na mzigo moyoni. Naamini dada yangu atanisamehe. Kwa hiyo keti, uweke simu kando, unisikilize mimi mama yako mdogo.

Siku hizo nilikuwa msichana mbichi, ndiyo kwanza nimeanza kufundisha shule ya msingi karibu na mji wa Kitui. Sikuwa na pa kukaa, basi dada yangu Kalunde, yaani mama yako, akanichukua nikae kwake. Baba yako Musyoka alikuwa karani, na walikuwa wamepewa nyumba ya serikali, zile za mawe zenye ua wa michongoma. Jikoni mlikuwa na jiko la stima la zamani, jeupe lililogeuka rangi ya maziwa ya jana, lina maduara manne ya chuma juu na tanuri chini. Nambari kwenye swichi zake za kuzungusha zilikuwa zimefutika kwa mikono ya waliotutangulia. Kalunde alizijua kwa mazoea tu, hii ni ya duara lile, ile ni ya duara hili.

Tulilipenda jiko lile. Sisi tulikua Kanyangi tukipuliza kuni mbichi mpaka macho yanachuruzika. Kuona uji unaiva bila moshi, kwetu ilikuwa kama kuingia mbinguni bila kufa kwanza.

Kisha ukazaliwa wewe. Ndiyo, mtoto wa habari hii ni wewe, na nakwambia mapema usije ukahangaika ukijiuliza kama alipona. Alipona.

Mwaitu, yaani mama yetu, susu yako Syombua, akaja kutoka Kanyangi kukuogesha na kumpikia mama yako uji. Alishuka na kuku wawili, mfuko wa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na kiondo alichokuwa amekifikisha nusu. Mikono ya mama yule haikujua kukaa bure. Hata akiwa kwenye ibada, wakati wa matangazo, ungeona vidole vyake vinasokota uzi pajani. Viondo vyake vilijulikana sokoni, mtu alikuwa anaweza kukigeuza kimoja, akatazama kitako chake, akasema, "Hiki ni cha Syombua."

Haikuwa jambo dogo kwake kulala nyumbani kwa mkwewe. Unajua desturi yetu, jinsi mama mkwe na mkwe wanavyostahiana. Bahati nzuri baba yako alikuwa safarini kikazi, Mwingi huko. Hata hivyo Mwaitu alikuwa akitembea ndani ya nyumba ile kwa unyayo mwepesi, kama aliyebeba mayai. Kila kitu akikitazama kama mali ya watu.

Siku ya pili au ya tatu aliingia jikoni akakuta nepi zako zimetandazwa juu ya jiko. Ilikuwa ni msimu wa mvua, na nguo zilikataa kukauka.

"Kalunde," akaita, "hizi nguo ziko juu ya moto."

"Hapana moto hapo, Mwaitu. Nimezima zamani. Si unaona pamekuwa peusi?"

Mwaitu akasogeza kiganja juu ya duara, akakirudisha haraka. "Peusi hapo pameniunguza," akasema. "Moto wa kuni hukuonyesha uso wake. Huu wenu unauficha." Akazitoa nepi moja moja, akazikunja. Kisha akasema, "Sasa nionyeshe unavyozimwa."

Kalunde akacheka, kicheko kizuri tu. "Wacha, Mwaitu. Hiki kitu kina stima, kitakurusha. Wewe usikiguse kabisa. Ukitaka chai, niite mimi au Mwende."

"Sitaki kupika. Nataka kujua kuuzima."

"Nitakuonyesha kesho."

Mwaitu hakupandisha sauti. Alisema kwa Kikamba, polepole, na mimi niliyekuwa mlangoni nilisikia kila neno: mtu asilale nyumba moja na moto asiojua kuuzima.

"Nimesikia, Mwaitu," Kalunde akajibu. "Kesho."

Kesho ikaja, kukawa na nepi na wageni. Ikaja nyingine, ukawa unalia tumbo. Mwanangu, dada yangu hakumdharau mama yake, usije ukaelewa hivyo. Alimpenda mno. Alimzuia kwa upendo, kama umzuiavyo mtoto. Lakini mzazi si mtoto, na upendo unaomficha mtu jambo la kumwokoa una upungufu.

Basi ikafika Jumamosi. Akina mama wa kanisa walikuwa waje alasiri kukuombea, na Kalunde alikuwa amekanda unga wa mandazi tangu asubuhi. Akaweka karai la mafuta jikoni, akazungusha swichi mpaka mwisho ili yapate moto upesi. Hatujakaa sana, stima ikapotea. Tukangoja. Mafuta yalikuwa bado baridi. Tukangoja tena. Kalunde akaangalia unga unavyofura kwenye beseni, akasema afadhali twende sokoni tununue makaa, na sukari pia imepungua, tutatumia jiko la makaa.

Nilipokuwa najifunga leso nikamuuliza, "Umezima hapo?"

"Nitazima nini, Mwende, na stima haipo?"

Nikaona amesema kweli. Hata ingekuwa wewe ungeona amesema kweli. Taa zote zimekufa, friji ya jirani imenyamaza, utazima nini? Tukamwacha Mwaitu chumbani amekulaza kifuani, mlango wa jikoni tumeurudishia tu, karai liko juu ya duara, na swichi imezungushwa mpaka mwisho.

Sokoni tulikawia. Mwanamke akitoka uzazi kila mtu anataka kumpa mkono na kuuliza mtoto anaitwa nani. Tulikuwa mbele ya mama wa makaa, ameshatujazia mkebe, ndipo redio ya duka la jirani ikalia ghafla, na kinu cha kusaga unga kikaanza kunguruma. Watu wakashangilia. Kalunde akapiga makofi kama msichana.

"Bwana asifiwe! Stima imerudi. Mama, rudisha tu makaa yako, usikasirike."

Yule mama akacheka, akayamwaga makaa kwenye gunia. Tukashika njia, Kalunde amebeba sukari, anaimba. Tulikuwa tumefika kwenye mti wa mwisho kabla ya nyumba za serikali aliposimama. Wimbo ukakatikia mdomoni.

"Mwende," akasema. "Mafuta."

Sukari ilianguka ikapasuka, na mwanamke aliyetoka kujifungua majuzi akakimbia kwa namna ambayo sijawahi kuona mtu akikimbia. Viatu vilibaki barabarani. Nilimfuata, na kabla hatujafika kwenye ua niliona moshi mweusi ukitoka dirishani kwetu.

Langoni alisimama jirani yetu Mama Wanjiru, mwenyeji wa Murang'a ambaye mumewe alifanya kazi ofisi moja na baba yako. Alikuwa amekupakata wewe. Ulikuwa unalia, mzima, huna hata alama. Kalunde alikugusa mwili wote kwa vidole, hakukuchukua. Akauliza, "Mwaitu?"

Mama Wanjiru akaelekeza kwa macho.

Mwaitu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma, karibu na mfereji, na mama mwingine alikuwa anammwagia maji baridi mikononi bila kukoma. Mikono aliinyoosha mbele, viganja juu, kama anayengoja kupewa kitu. Hakuwa analia. Ngozi ya mikono ile, mwanangu, sitakusimulia.

Yaliyotokea tuliyajua baadaye, kidogo kutoka kwake na kidogo kutoka kwa Mama Wanjiru. Mwaitu alisikia harufu. Akaja jikoni, akakuta mafuta yanatoa moshi mzito. Alijua vizuri sana kwamba mafuta yakitoa moshi hivyo hayako mbali na kuwaka. Amepika maisha yake yote. Kwake Kanyangi angezitoa kuni tatu, kazi ikaisha. Lakini hapa kuni zi wapi? Alitazama zile swichi nne zisizo na nambari. Akakumbuka ameambiwa asiguse, itamrusha. Mwishowe akajipa moyo akazungusha moja, na ilikuwa siyo. Duara jingine likaanza kuwaka jekundu. Akaiacha kwa hofu. Hapo ndipo mafuta yaliposhika moto, na pazia la dirisha likafuata.

Akarudi chumbani, akakufunga kwa leso, akakutoa nje, akakulaza kwenye nyasi mbali na ukuta, akapiga ukemi. Angebaki hapo nje, habari yangu ingeishia hapa. Lakini ilikuwa nyumba ya mkwewe. Alituambia hivyo mwenyewe: "Ningemwambia nini Musyoka? Kwamba nililetwa kulea, nikakaa nje nikitazama nyumba yake ikiungua?" Akaingia tena. Akachota maji kwenye ndoo, kwa sababu kwao moto huzimwa kwa maji, akayamwaga ndani ya karai.

Maji na mafuta yanayowaka havikutani, Mutheu. Yale maji yalilipuka, yakayarusha mafuta juu na moto wake, yakamrudia yeye mikononi na kifuani.

Mama Wanjiru aliingia mbio kwa sababu ya ukemi. Nyumba yake ilikuwa sawasawa na yetu, hivyo alijua pa kwenda. Alinyoosha mkono ukutani kando ya mlango, akaibonyeza swichi kubwa nyekundu ya kukata stima ya jiko. Jiko lote likafa. Kisha akachukua mfuniko wa sufuria kubwa akausukuma juu ya karai, moto ukakosa hewa ukazimika, na pazia akalivuta chini akalikanyaga. Ni hayo tu. Kidole kimoja na mfuniko mmoja. Mwaitu alikuwa amesimama karibu kabisa na swichi ile, bega lake likikaribia kuigusa, na hakuna aliyewahi kumwambia kazi yake.

Hospitalini walimlaza kwa muda mrefu. Kalunde alikuwa anakuacha nami, anakwenda kumlisha. Siku moja nilikwenda naye. Mwaitu alikuwa amefungwa bandeji mpaka viwikoni. Kalunde akapiga magoti pale pembeni ya kitanda, akaweka kichwa kwenye shuka, akalia, akisema, "Mwaitu, ni mimi. Mwaitu, ni mimi niliyefanya."

"Mtoto aliumia?" Mwaitu akauliza, ingawa tulikuwa tumeshamjibu swali hilo mara nyingi.

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, bila hasira yoyote, kama mtu anayesema kesho kutanyesha, "Ungenionyesha tu, Kalunde."

Nimeishi kuona mengi, nimezika wazazi, mume, na sasa dada. Sijasikia maneno mazito kuliko hayo. Hakuyarudia tena mpaka alipokufa. Lakini dada yangu aliyasikia kila siku.

Watu walikuja kutupa pole, wakisema ajali haina kinga. Walikuwa watu wema, na methali ni ya wahenga, mimi ni nani nibishane nayo. Lakini ndani yangu nilijua kwamba ajali ile ilikuwa na kinga. Ilikuwa ukutani, nyekundu, usawa wa bega.

Mikono ilipona kwa namna yake. Vidole vilijikunja vikashikana, havikukunjuka tena. Kile kiondo alichokuja nacho kilirudi Kanyangi kikiwa nusu vilevile; jirani mmoja alijitolea kukimalizia, Mwaitu akakataa, akasema kiwekwe tu. Wewe ulijifunza kutembea ukishikilia vidole vile. Ulipokuwa mkubwa kidogo ulimuuliza mama yako mbona mikono ya Susu iko hivyo, naye akakujibu ni uzee. Nilikuwepo. Nilimwona alivyogeuka kuchambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

Na sasa nikwambie jambo jingine ulilokuwa hulijui. Najua mlikuwa mkimcheka mama yenu, nyinyi watoto. Mlikuwa na stima nyumbani, televisheni, pasi, kila kitu, na bado akapika kwa makaa mpaka mwisho. Ulitaka kumnunulia jiko la stima siku ya kustaafu kwake, akakataa mkagombana, ukaniambia kwa simu, "Mama mdogo, mama ni mshamba tu." Sikuwa na ruhusa ya kukujibu. Hakuwa mshamba, mwanangu. Alikuwa hawezi kusimama mbele ya kitu kile. Alijaribu mara moja kwangu, kuchemsha maji tu, akarudi nyuma kabla ya kugusa swichi, nikamwondoa.

Nimeyasema haya yote kwa sababu ya neno moja nililolisikia kwako Wote. Ulikuwa unatoka kupeleka keki za watu, ukaacha nyingine ndani ya tanuri, na watoto wako wanacheza sebuleni. Mama mkwe wako, Mama Muthama, akainuka akasema atazitazama. Ukamwambia kwa heshima na upendo, "Hapana, mama, wewe pumzika. Hiyo usiguse, ina mambo mengi. Nitarudi sasa hivi." Akarudi kuketi. Ukaenda. Nikaiweka chai chini. Nilibaki nikiangalia mlango wa jikoni mpaka uliporudi, na ulipouliza kwa nini sijanywa chai nikasema nina shibe.

Sikukatazi jiko lako. Linawasomesha watoto, na Mungu huleta riziki kwa njia nyingi. Moto si adui. Hatari ni moto ulio mgeni kwa mtu asiyeuzoea. Nakuomba tu ufanye yale ambayo sisi hatukufanya. Kabla hujaoka keki nyingine, mshike Mama Muthama mkono, mpeleke jikoni, uweke kidole chake kwenye swichi ya ukutani, umwambie azime na awashe, azime na awashe, mpaka acheke mwenyewe. Na msichana wako wa kazi, na mume wako, ambaye nina shaka naye zaidi kuliko wote. Asiyejua kuzima asiachiwe nyumba yenye moto.

Stima ikipotea, zungusha kila swichi irudi mwanzo, na ile ya ukutani uizime, hata kama nyumba nzima ni giza na unaona unafanya kazi ya bure. Stima ikiondoka haiagi, na ikirudi haibishi hodi. Ukiwa na mafuta motoni usiondoke, hata kama ni mlangoni kuna mgeni. Mgeni ataingia, mtazungumzia jikoni. Mfuniko uwe karibu na mkono. Mafuta yakiwaka, zima, funika, usilibebe karai kukimbia nalo, wala usiyape maji. Maji ni ya ngozi iliyoungua, mengi na baridi, si ya mafuta yanayowaka. Na ukiona moto umekuzidi, toka na watoto ufunge mlango. Nyumba hujengwa tena. Hakuna nyumba ya mkwe yenye thamani ya mikono ya susu yako, na hata Musyoka baba yako alilisema hilo akilia.

Mishikio ya sufuria igeuze ndani, huyo mdogo wako ameanza kufikia juu. Juu ya jiko na kandokando yake pasikae kitambaa, wala karatasi, wala lile beseni la plastiki nililoliona. Duara likiwa jeusi usiliamini mpaka muda upite. Mkono wenye maji usiguse swichi. Na ule waya wa nyuma, niliugusa nikausikia una joto. Mwite fundi anayejua stima, siyo yule kijana anayetengeneza simu. Umenielewa? Nitauliza nikija.

Ukimaliza kusikia haya, usimkasirikie mama yako kwa kukuficha. Nenda siku moja Kanyangi, kwenye kaburi la Susu, ukae hapo kidogo. Huhitaji kusema kitu.

Nami nakubariki kwa kinywa hiki ambacho kimechoka kunyamaza. Chakula chako kiive bila kilio. Watoto wako wakue na ngozi waliyozaliwa nayo. Wazee walio chini ya paa lako wawe wenyeji, wasiwe wageni wa kuogopa kuta. Safari zako zikurudishe kwenye mlango ulio salama, na atakayekufungulia awe anatabasamu. Ngai akuathime, mwanangu, akubariki wewe na wote ulio nao. Amina.